Mwaka Niliomwandikia Shangazi Nora Barua Zake

Mwezi uliopita Shangazi Nora alitimiza miaka tisini, na siku hiyo alitukataza mambo matatu: hotuba, maputo, na mtu yeyote kumwita bibi. "Mimi ni shangazi," alisema. "Ubibi mtafutieni mwingine." Sherehe tuliifanyia nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory, Johannesburg. Watu walijaa hadi jikoni, na wanangu wawili walizunguka na sahani. Kiswahili hao wanakisikia chote, ila ukiwauliza neno wanakujibu kwa Kiingereza. Alasiri, baada ya pilau, Shangazi alishika mgongo wa kiti, akanyoosha shingo, akaanza kupiga hatua. Miguu peke yake. Kiwiliwili kilitulia kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, na huku chini visigino vinaongea. Binti yangu aliniegemea akanong'ona, "Mama, na wewe unaiweza ile?" Nikamwambia naiweza. Hakuamini. Nikavua viatu nikasimama kando ya shangazi yangu, mimi mwenye miaka yangu hamsini na magoti yangu yanayolia, tukapiga hatua nane za kwanza pamoja bila kukosea hata moja. Watu walipiga makofi, lakini binti yangu hakupiga. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyegundua kuwa nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukifungua.

Usiku wa siku ile niliahidi kumweleza, na ndiyo sababu naandika haya. Namna baba yangu alivyofika Tanzania akiikimbia serikali ya kwao, akamwoa mama yangu Morogoro, na namna milango ya Afrika Kusini ilivyofunguliwa tukarudi naye, hayo nayaacha. Wengine wamekwisha kuyaeleza. Mimi naanzia mlangoni kwa Shangazi, mtaa wa Troyeville, hapahapa Johannesburg, mwezi wa Januari, nikiwa na miaka kumi na minane, nguo zangu zote zikiwa ndani ya sanduku moja la bati, na moyoni nimekwisha kuamua kwamba Desemba ikifika nitapanda basi nirudi kwetu.

Alikuwa amesimama barazani, mwanamke mwembamba wa miaka kama sitini. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshamfunika macho yote mawili, kwa hiyo hakutuona vizuri mpaka tulipomfikia. Alinishika uso kwa mikono miwili akausogeza karibu na wake, hadi nikasikia harufu ya sabuni yake. Aligeuza kichwa changu huku na huku. "Masikio ya akina Rafferty," akamwambia baba. "Haya, ingieni." Kule shuleni kwetu jina langu lilisomwa Tausi Rafati. Walimu walidhani tuna asili ya Kiarabu, na mmoja aliwahi kunisamehe kipindi cha katekisimu kwa heshima ya dini yangu. Baba hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa mtu wa harakati. Ukimuuliza ukoo wake alikutajia wenzake waliolala naye kwenye hema moja. Kwa hiyo ni katika korido ile yenye giza, sanduku likiwa bado mkononi, nilipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Rafferty ni jina la Ayalandi, kwamba babu yake Shangazi, mwashi aliyeitwa Thomas, alilileta kwa meli, na kwamba anayelibeba jina lile hatembei amejikunja mgongo.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitano, lakini tuliishi katika kimoja tu, jikoni. Sebule ilifungwa kwa ufunguo na kufunguliwa Jumapili. Ndani yake mlikuwa na ramani ya Ayalandi iliyofifia hadi bahari na nchi kavu vikafanana rangi, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu yenye taa nyekundu, na msalaba wa Mtakatifu Brigita uliosukwa kwa matete. Msalaba ule Shangazi alipewa na masista wa Kiairishi waliomsomesha utotoni. Masista haohao ndio waliomfundisha ngoma yake, nyimbo zake, na imani kwamba chai isiyokolea ni dhambi ndogo. Zulia la sebule lilikuwa la kijani. Hatukulikanyaga kwa viatu.

Jikoni ndiko kulikokuwa na vita. Mama yangu hakujua Kiingereza zaidi ya salamu, Shangazi hakujua Kiswahili hata salamu, na wote wawili walizoea kuwa wenyewe mbele ya jiko. Mama aliupenda unga wa mahindi wa huku, akasonga ugali wake mgumu wa Morogoro. Shangazi alichemsha viazi. Mama akakaanga maandazi. Shangazi akaoka mkate wake wa magadi, mzito, wenye alama ya msalaba juu. Mkalimani nilikuwa mimi, na baada ya wiki moja nilijua kwamba mkalimani mkweli angeivunja nyumba ile. "Mama yako anasemaje kuhusu mkate?" Shangazi aliuliza asubuhi moja. Mama alikuwa ametafuna kipande muda mrefu, akasema, "Mkate huu ukimtupia mwizi, hafiki getini." Nikasema, "Anasema unashibisha." Shangazi akatabasamu. "Mwambie maandazi yake yana mafuta ya kutosha kulainisha bawaba za mlango." Nikamgeukia Mama. "Shangazi anasema maandazi yako ni laini." Tuliishi hivyo, katika amani niliyoitengeneza mimi. Jambo moja tu halikuhitaji mkalimani. Saa kumi na mbili jioni Shangazi alipochukua rozari, Mama alichukua yake, wakapiga magoti kwenye sakafu ileile, mmoja akianza Salamu Maria kwa Kiingereza na mwingine akiimalizia kwa Kiswahili. Mahali pa kupokezana walipajua bila kuambiwa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya ngoma. Shangazi alifundisha watoto katika ukumbi wa kanisa, bila kudai chochote ila soksi safi. Walikuja wasichana wa Kireno wa mtaa wa pili, watoto wa nyumba za jirani, na mapacha wawili wa fundi cherehani kutoka Lubumbashi ambao walinivamia kwa furaha waliposikia naongea Kiswahili. "Tantine, mwambie miguu iko inauma!" Wa kwanza alilalamika, akiniita shangazi kwa mtindo wa kwao, wa pili akaitikia. Shangazi aliketi kwenye kigoda akipiga konsetina, kile kinanda kidogo cha kukunja na kukunjua, na ingawa macho yake yaliona ukungu tu, masikio yake yalimkamata kila aliyekosea. "Tausi! Kisigino cha kushoto kimechelewa!" Mimi, niliyezaliwa mahali ambapo ngoma huanzia kiunoni, nilipata taabu. Kila muziki ulipochangamka, kiuno changu kilijibu chenyewe. "Kiuno kilale," Shangazi alisema, "miguu ndiyo iamke." Siku Mama alipokuja kutazama, alikaa nyuma amekunja mikono, akanong'ona kwa huruma, "Mwanangu, hii ngoma gani ya watu waliofungwa kamba?" Lakini mwezi wa tatu, Sikukuu ya Mtakatifu Patriki, msimamizi wa Ayalandi, ilipofika, tulicheza mbele ya parokia nzima na utepe wa kijani kichwani, na miguu yangu ikaamka. Sijui niieleze vipi furaha ile. Ni kama kuongea lugha ambayo hukujifunza, ukakuta watu wanakuelewa.

Jumapili ilikuwa ya barua. Baada ya misa na chakula, sebule ilifunguliwa, nami nikaketi mezani na karatasi nyembamba za rangi ya bluu, kwa sababu Shangazi hakuweza tena kuona mstari. Barua zilikwenda kwa binamu yake aliyeitwa Una, mwalimu katika kijiji cha magharibi mwa Ayalandi, mjukuu wa kaka wa yule Thomas mwashi. Mama aliposikia jina lile mara ya kwanza aliuliza, "Una? Una nini?" akacheka peke yake juma zima. Shangazi na Una hawakuwahi kuonana. Waliandikiana tangu ujanani, na barua za Una zilijaza makopo matatu ya biskuti. Nilimsomea Shangazi zile alizozipenda. Ng'ombe amezaa mapacha. Mvua imenyesha siku kumi na tisa na padre ameishiwa mahubiri. Mpwa ameolewa na mwanamume asiyekula viazi, na ukoo unaomba. Kisha Shangazi aliniambia, "Andika," nami nikaandika habari zetu: goti lake, kwaya, mapacha wa Lubumbashi, miti ya mjakaranda. "Andika kwamba kaka yangu amerudi na mke na binti. Andika kwamba binti anacheza vizuri." Nilitua kalamu. Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo mimi mwenyewe.

Niliona jambo moja nikalinyamazia kwa muda. Kila barua ya Una ilimalizika kwa namna moja: "Nora mpenzi, picha, tafadhali. Hata moja." Na katika kila jibu, Shangazi aliruka sentensi ile kama mtu anavyoruka dimbwi. Mwezi wa tano nikamuuliza. "Shangazi, mbona hatumtumii picha?"

"Kamera inaniharibu sura."

Nilitazama ukuta wa nyuma yake, uliojaa picha zake akiwa msichana, akiwa mwalimu, akiwa na kikombe cha mashindano. Hakuona kwamba natazama, lakini alisikia kimya changu. Akaweka kikombe chini. "Baba yangu ndiye aliyeanza kuwaandikia," akasema. "Alitumia sanduku la posta, maana jina la mtaa wetu lingemwambia yeyote aijuaye nchi hii sisi ni watu gani. Serikali ilituandika Makaladi, Tausi, watu wa damu mchanganyiko. Si weupe wa kutosha kukaa huku, si weusi wa kutosha kukaa kule. Baba hakuwadanganya. Alinyamaza tu. Alipokufa nikaurithi ukimya wake pamoja na kabati lake." Alipapasa meza hadi akaipata barua ya Una, akailaza kiganja juu yake. "Katika maisha yangu nimefungiwa milango ya shule, ya bustani, ya hospitali. Kule Ayalandi ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyewahi kunifungia. Sasa wewe unataka nikabishe hodi nione kama utafunguka?"

Nilikunja karatasi. Niliporudi jikoni Mama aliniona usoni, akauliza, nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mchele.

Kisha mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Johannesburg inayokuingia mpaka kwenye meno, Una akaandika kwamba anastaafu, kwamba wenzake wamemchangia tiketi ya ndege, na kwamba Desemba anakuja. Nilipoisoma sentensi ile uso wa Shangazi uling'aa, halafu, mbele yangu, ukazimika. "Andika," akasema. "Andika kwamba tunasikitika. Paa letu linavuja, mafundi wameling'oa, nyumba haikaliki. Labda mwaka mwingine." Niliandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mbaya, na nilifurahi kwamba hauoni.

Jumatatu asubuhi nilisimama jikoni na bahasha mkononi, nimevaa koti la kwenda posta. Mama alikuwa akikanda unga, Shangazi akipasua kiazi kwenye kona yake. "Hiyo ndiyo ile barua?" Mama akauliza. Nikaitikia. Akajifuta mikono. "Mwambie wifi nina neno."

"Shangazi, Mama ana neno."

"Aseme."

Mama aliongea polepole, akinipa nafasi. "Mwambie hivi. Mimi nilitoka kwetu nikaja kwa watu ambao sikujua kama watanipenda. Nilifika kwenye baraza yake nikiogopa. Lakini nilikuja na uso wangu. Sikutanguliza uso wa mtu mwingine." Akatazama mgongo wa Shangazi. "Huyo ndugu yake anampenda mtu asiyekuwapo. Na yeye mwenyewe, wifi yangu, anakaa hapa hapendwi na mtu, na anastahili."

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema Mama anauliza kama viazi vimeiva. Kwa miezi mitano nilikuwa nimekata makali ya kila neno lililopita kati yao. Siku ile, sijui kwa nini, nililitafsiri kama lilivyo, neno kwa neno.

Shangazi hakugeuka. "Umeongeza kitu?"

"Hapana, Shangazi."

"Umepunguza?"

"Sijapunguza."

Alinyoosha mkono, akaichukua bahasha kwenye vidole vyangu, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaondoka akipapasa ukuta. Siku mbili hakula nasi. Rozari tuliisikia kupitia mlango wake, nusu nusu, hakuna wa kumpokea. Mama alikaa kwenye cherehani yake pale jikoni, akashona mashati ya wateja wake bila kuimba. "Nimemuua wifi yangu," aliniambia. "Mdomo huu!" Mimi nilihesabu miezi iliyobaki mpaka Desemba.

Jumatano asubuhi alitokea jikoni amebeba kitambaa cha kijani kilichokaa kwenye vidonge vya naftalini miaka mingi, kizito, kizuri. Alijigonga kwenye fremu ya mlango, akalaani kwa jina la mtakatifu mmoja, akakiweka juu ya cherehani. "Muulize mama yako kama anaweza kunishonea gauni bila kuniuliza maswali." Nikamuuliza. Mama alishachukua utepe wa kupimia. "Mwambie anyanyue mikono." Akampima mabega, kifua, kiuno, na alipofika kiunoni Shangazi alisema neno lake la kwanza la Kiswahili, alilokuwa amelisikia kila siku tangu Januari. "Wifi," akasema. Alilitamka kama mluzi. Mama alilia, Shangazi akamwambia asiloweshe kitambaa, na lile nililitafsiri bila kubadilisha.

Baba aliporudi kutoka kazini kwake Pretoria mwisho wa juma, tulimweleza habari ya kupiga picha, naye akaenda kuchana nywele. Tulishuka mjini wanne, kwenye studio ndogo ya mzee mmoja aliyepiga picha za harusi. Alimkalisha Shangazi katikati na gauni lake jipya, Mama kulia, mimi na baba nyuma. Akachungulia kwenye kamera, akatoka, akashika taa. "Niongeze mwanga kidogo, mama? Watu wengi hupenda. Mtatoka weupe zaidi." Niliona mikono ya Shangazi ikikaza magotini. "Taa iache ilivyo," akasema. Kwenye picha ile tunaonekana kama watu walioambiwa habari njema wakazuiwa kucheka. Jumapili aliniamuru niandike barua fupi kuliko zote. "Una mpenzi. Paa letu ni zima. Hawa ndio sisi. Nora." Ile nyingine yenye paa bovu tuliitia kwenye jiko.

Tukasubiri. Julai ikapita, Agosti na vumbi lake ikapita. Kila Ijumaa nilikwenda posta, nikafungua kisanduku, nikarudi. Barabarani nilizoea kusimama kwenye robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, hata ikiwa ya kijani, ili nichelewe kufika nyumbani mikono mitupu. Shangazi hakuuliza. Aliwaonea watoto wa ngoma. Mapacha wa Lubumbashi walirudia hatua moja mpaka mmoja akatangaza kwamba anahamia mpira wa miguu. Septemba madaktari walimfanyia upasuaji wa jicho moja. Siku bandeji ilipotolewa alikaa kitandani akamtazama Mama muda mrefu. "Kumbe mzuri," akasema, kisha akanigeukia mimi. "Wewe kila siku unaniambia chakula kiko tayari, hujaniambia kwamba ni mzuri." Mama alipotafsiriwa alificha uso kwa khanga kama bibi arusi.

Barua ilikuja mijakaranda ikiwa imechanua, mitaa yote ya zambarau, maua yakipasuka chini ya viatu. Nilikimbia kutoka posta mpaka nyumbani. Shangazi alikuwa barazani. Aliigeuza bahasha, na sasa aliweza kuona mwandiko, lakini akanirudishia. "Soma wewe. Jicho hili jipya, sitaki kulianzia na ubaya." Mama alitoka na unga mikononi akasimama mlangoni.

Nikasoma. "Nora mpenzi wangu. Picha imefika, nimeiweka juu ya meko, na kila anayeingia lazima aitazame kabla ya kuketi. Nimelia siku mbili, si kwa sababu unayodhani. Sisi tulijua. Thomas alimwandikia mama yake alipomwoa bibi yako, akasema ni mwanamke wa namna gani. Mama yake alichoma barua zake zote, akakataza jina lake lisitajwe mezani. Babu yangu alituambia kwa siri. Baba yako alipotuandikia miaka mingi baadaye, tulidhani anajua tulichomfanyia baba yake, na kwamba kwa wema wake ameamua kutokitaja. Nikaogopa kukitaja mimi. Niliomba picha ili unifungulie mlango, kwa maana sikuwa na haki ya kuusukuma. Miaka yote hii, Nora, nilikuwa naona aibu mbele yako kwa tulichowafanyia. Kama bado unanitaka, nakuja Desemba."

Ua moja la mjakaranda lilianguka kwenye ngazi. Shangazi alianza kutikisika mabega, na mimi nikadhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wajinga wawili!" alisema. "Miaka yote, wajinga wawili, kila mmoja nyuma ya mlango wake, ameushikilia usifunguke!" Mama alikuwa akinivuta mkono wa gauni, "Anasemaje? Tausi, anasemaje?" nami nikamshika mkono nikaanza kumtafsiria.

Una alifika juma la kwanza la Desemba, mvua za alasiri zikiwa zimeanza. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Pale uwanja wa ndege yeye na Shangazi walisimama wakitazamana hatua mbili, halafu Una akavua kofia, na masikio yakatokea. Yaleyale. Baba alisema "Eish," ule mshangao wa watu wa huku, kwa mara ya kwanza tangu arudi kwao. Siku zilizofuata sijaziona tena mfano wake. Una alikula ugali kwa mkono, akaomba aonyeshwe namna ya kuumega. Aliipenda sambusa ya Mama kiasi kwamba Mama alianza kumwita "mdogo wangu", ingawa alimzidi miaka kumi na tano. Tulimpeleka Newtown sokoni, akanunua ngoma ya ngozi ya mbuzi asiyoweza kuipiga. Na Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, siri kubwa ikafichuka: Una hajui kucheza. Hata hatua moja. Shangazi alisimamisha konsetina. "Umezaliwa kule, umekulia kule, na hujui?" Una akasema masista walimfukuza darasani akiwa na miaka saba kwa kukanyaga wenzake. Kwa hiyo akapangwa mstari wa mwisho, na mapacha wa Lubumbashi wakakabidhiwa mwanafunzi wao wa kwanza. Walikuwa wakali kuliko Shangazi.

Katikati ya shamrashamra hiyo baba aliniuliza kama bado nataka tiketi ya basi. Shangazi alisikia. "Jicho langu limepona," alisema bila kunitazama, akimenya kiazi. "Barua naweza kuandika mwenyewe sasa. Ila mwandiko wangu mbaya." Nilimwambia baba aisubirishe tiketi. Amesubirisha mpaka leo.

Jumapili ya mwisho sebule ilifunguliwa tukaketi wote. Una alitoa kwenye mkoba wake bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi moja ya kahawia, imekatika kwenye mikunjo. Alisema hii ndiyo barua pekee iliyookoka. Babu yake aliiokota pembeni mwa moto akiwa kijana, akaificha ndani ya kiatu. Alimpa Shangazi, Shangazi akanipa mimi, kwa mazoea. Nilisimama. Nilisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha nikageuka nikamwambia Mama kwa Kiswahili.

"Mama mpendwa. Nimeoa. Najua ulitaka nikuombe ruhusa, lakini meli ya kuleta jibu lako ingechelewa, na yeye angechukuliwa na mwingine. Anaitwa Katrina. Rangi yake ni ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Anasali kunizidi, jambo ambalo si gumu. Anapika kukuzidi wewe, usikasirike."

Mama aliangua kicheko. Kilimtoka ghafla, kikubwa, katika chumba kile tulimokuwa tukinong'ona mwaka mzima, akajiziba mdomo kwa mkono. Una akaanza kucheka naye. Nikaendelea. "Tukipata nauli nitamleta umwone. Tuwekee viti viwili karibu na moto. Mwanao, Thomas."

Una alisema kwa sauti ndogo kwamba viti havikuwekwa. "Lakini mimi nina jiko, na nina viti. Nimekuja kukuambia hivyo."

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Alichukua karatasi, akaishika karibu na jicho lake zima, akatembeza kidole juu ya wino wa babu yake mpaka mwisho, polepole, kisha akanirudishia. Akavua miwani aliyopewa hospitali baada ya upasuaji, akaifuta.

"Isome tena," akasema.

"Kuanzia juu, Shangazi?"

"Kuanzia juu. Kwa lugha ya mama yako tu. Kiingereza nimekisikia." Akamgeukia Mama, akamshika mkono juu ya zulia la kijani. "Nataka nimsikie wifi yangu akicheka pale anapocheka."

Nikaanza tena, kwa Kiswahili. Nilipofika kwa Katrina na rangi ya chai, Mama alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega, na Shangazi, ambaye hakuelewa hata neno, alicheka kabla yake.